Neno Ulilomwambia Solange

Papa Solange,

Nakuandikia kwa jina hilo makusudi, hata kama umeapa kwamba humtambui tena binti yako. Habari za Kabalo? Mgongo wako unaendeleaje na kazi ya reli? Mama mkwe bado anakohoa? Huku Kalemie mwili wangu ni mzima na wadogo wanasoma. Mvua imezidi, ndagala, hivi visamaki vyangu vya kuuza, hazikauki vizuri, wateja wananuna. Lakini si hayo yaliyonifanya nishike kalamu. Simu zangu hupokei, ndiyo maana barua hii nimempa mwalimu jirani yetu anayepanda treni, akuwekee mkononi mwenyewe.

Mtoto wetu ni mgonjwa.

Utasema nilikuwa nimelala wakati anapendana na yule Patrick. Sikulala. Nilimwona kijana akimsindikiza mpaka kwenye kona, akimbebea mfuko wa vitabu, na binti yako akiingia nyumbani anaimba, anakaa kuchambua ndagala bila kutumwa. Ana miaka kumi na sita. Nilimwonya, akasikia nusu, kama sisi tulivyosikia nusu enzi zetu. Usijifanye umesahau.

Kisha kijana akamgeukia msichana mwingine wa darasa lilelile. Solange akamtumia sauti kwenye simu, analia, anambembeleza asimwache. Yule mtoto asiye na haya akaipeleka kwa rafiki zake wacheke, nao wakatumiana. Wiki haikuisha, kila mtu alikuwa nayo. Akipita wenzake wanamwigiza, "Patrick, usiniache," hata vijana wa pikipiki pale sokoni. Mwisho ikafika huko kwenu, kwenye simu ya mdogo wako, naye akakimbia kukusikilizisha.

Ukampigia Solange simu. Hukuuliza lolote. Nilikuwa nimekaa karibu naye, nikasikia yote: "Umenipakaza mavi mbele ya bantu. Utalia vile vile mupaka kufa. Mimi si baba yako tena." Ukakata.

Vicheko vya shule vilimuumiza, sikatai, lakini alikuwa bado anakula, bado anagombana na wadogo zake. Tangu simu yako hali chakula. Ukimsemesha anakutazama tu. Nywele hataki nizisuke. Juzi asubuhi alitoka na sare ya shule, na mama mmoja aliyekuwa anafua kando ya ziwa akamwona anaingia majini na viatu vyake, polepole, mpaka maji yakamfika kifuani. Akapiga kelele, akamfuata, akamshika mkono. Hakubisha. Alimleta mpaka nyumbani nguo zikichuruzika, nami nikapiga magoti pale mlangoni kwenye matope, nikalia mbele ya majirani wote.

Muuguzi wa kituo cha afya alikaa naye muda mrefu, kisha akaniita nje. "Mama, huyu mutoto hana pepo. Moyo yake njo inagonjwa. Musimuache peke yake hata kidogo, na mumurudishe hapa, tutaendelea kusema naye. Na papa yake iko wapi?"

Nikajibu uko kazini. Niliona aibu.

Sumu ya panya nimeitupa. Panya sasa wanakula ndagala zangu watakavyo, na wale tu. Mchungaji alikuja akasema laana haimpati mtoto wa Mungu, Solange akaitikia amina ya mdomoni. Mimi nikafanya kama kwetu: nikachukua maji kinywani, nikampulizia kifuani, nikamtamkia baraka. Akachukua kitenge akanipangusa uso, mimi, kana kwamba mimi ndiye mgonjwa. Akasema, "Mama, usijisumbue. Si wewe ulinifunga. Neno ya papa haiangukake chini."

Desturi hiyo unaijua kuliko mimi. Marehemu baba yako alipomtamkia kaka yako maneno mabaya, ni mzee mwenyewe aliyechukua maji akayaondoa. Ndugu wote walikuwepo na hakuna mwingine aliyeweza kuyaondoa. Kama neno lako lina nguvu au halina, mimi mwanamke wa sokoni sijui. Najua mtoto anaamini, na anaamini kwa sababu anakupenda. Patrick atamsahau siku moja. Wewe hataweza.

Nina hasira nawe, sikufichi. Uliogopa vicheko vya wenzako wa reli kuliko kilio cha mwanao. Lakini sikuiti tugombane.

Nisalimie mama mkwe, mwambie dawa ya kifua nitamtumia. Nisalimie dada yako anayekupikia, Mungu amlipe. Mdogo wako naye msalimie, na umwambie aifute ile sauti.

Usitume pesa. Usimtume mtu na salamu, wala usiseme utapiga simu, simu hataki hata kuiona. Panda treni ya kwanza. Mimi na mama wa nyumba ya pili tunapokezana, hata chooni hatumwachi. Maji ya ziwa ninaweza kumzuia nayo. Neno lako siwezi. Njoo uliondoe kwa mdomo wako mwenyewe, wakati bado anasikia.

Mimi mke wako,
Agnès