Mchezo wa Mzee Sikubali

Ifakara, 7 Julai 1957

Baba mpendwa,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristu. Huku tu wazima, mjukuu wako ameota meno mawili. Hofu yangu ni wewe. Polikarpo, aletaye samaki wa huko sokoni kwetu, ananiambia tangu tumzike mama mwezi wa nne hukai na watu, na mtu akitania unaondoka.

Njoo Jumamosi. Ukumbi wa hapa mjini una redio, na saa kumi na moja jioni kuna mchezo wa kuchekesha, Mzee Sikubali na mkewe. Nakuomba uusikilize mara moja tu.

Mwanao,
Eufrasia

Mofu, 15 Julai 1957

Mwanangu Eufrasia,

Marahaba. Milele, amina. Mimi mzima, na mpunga umeingia ghalani. Mambo ya redio niache. Kwetu achekaye msibani ni mtani, naye amezaliwa na haki hiyo. Hao wa redio ni watani wa nani? Mume na mke wanagombana, mji mzima unasikiliza. Hiyo ni aibu. Chekeni ninyi vijana.

Baba yako

Ifakara, 22 Julai 1957

Baba,

Shikamoo. Natumaini hujambo. Barua yako nimeisoma mara mbili, na neno lako silipokei.

Umeuliza ni watani wa nani. Ni wa kila mwenye nyumba. Mzee Sikubali anajua kila kitu, na kila Jumamosi anakosea. Juzi alikataa kuuliza njia, akampeleka mkewe kwenye harusi ya watu wasiowajua. Wakala pilau, na yeye akatoa hotuba. Mkewe hamtukani. Anamuuliza swali moja dogo tu, watu tunavunjika mbavu. Mwisho wanakula sahani moja, na wiki inayofuata mzee hajajifunza kitu.

Ndiyo maana naupenda, baba. Nyumba ile haifiwi. Kwa nusu saa najua hakuna atakayekufa. Juzi nilicheka hadi nikalia, na kilio kile kilinifaa kuliko cha mazikoni.

Usipokuja, nitakufuata mwenyewe na mtoto mgongoni.

Mwanao,
Eufrasia

Mofu, 19 Agosti 1957

Mwanangu,

Hujambo? Mjukuu wangu hajambo? Mimi sijambo. Usihangaike kunifuata. Juzi Jumamosi nilikuja na lori la mpunga, nikasimama nje ya dirisha la ukumbi, tayari kuondoka.

Kuna jambo sijamwambia mtu. Asubuhi ile ya mwisho nilikuwa nakwenda kanisani. Mama yako, akiwa kitandani na homa yake, akaniambia mbele ya wageni, "Severini, shati umeligeuza. Au leo unasali kinyumenyume?" Wageni wakacheka. Nikamkaripia, nikaenda zangu. Niliporudi homa ilikuwa imemzidi, hasemi tena. Tangu hapo nikaona sina haki ya kucheka na mtu.

Jumamosi mke wa Sikubali alimuuliza mumewe swali lake dogo, kwa upole uleule wa mama yako. Mzee akafoka. Nikaona alivyo mjinga, nikajiona na mimi. Shati lilikuwa limegeuka kweli, Eufrasia. Lilichekesha.

Nilicheka pale nje hadi watu wakageuka kunitazama. Sijui kama marehemu wanasikia. Nilicheka kwa sauti, ili kama anasikia, asikie.

Baba yako