Chujio Alilolifunga Mama Theresia

Mama Theresia, mke wangu,

Mkono wangu ni wa plau, si wa kalamu, unajua. Lakini hii nimeiandika mwenyewe, siku tatu, maana mtu mwingine angeipunguza makali.

Unakumbuka mkoa wetu wa Manyara ukiwa bado mchanga, wakwe walipokuja hapa Nangara kumposa Theresia? Ulikuwa umechemsha kimea cha pombe, umeepua, ndipo ikaja habari kwamba dada yako wa Sigino anaumwa. Ukanielekeza umesimama, kanga begani. Ningoje ipoe, hata kidole kikae ndani bila kuungua. Nichuje kwa chujio lako, ulilokuwa umelifunga kitambaani kwa fundo lako. Halafu nimimine ndoo kwa ndoo, kutoka juu usawa wa kifua, mpaka itoe povu, ndipo nitie chachu. "Chachu nayo ni kiumbe," ulisema, "inataka kupumua."

Nikakucheka. Nikasema nimekunywa pombe wewe ukiwa bado unanyonya, na mwanaume gani anamwaga-mwaga ndoo kama mtoto anayecheza maji. Ulipoondoka tu nikatia chachu pombe ikiwa ya moto, makapi yake humo humo. Nikaenda kutazama ng'ombe nikipiga mluzi.

Ulirudi siku ya ugeni, wakwe wakiwa tayari mlangoni. Baba wa kijana akaonja, akachungulia kibuyu, akauliza kwa upole kama huu uji ni wa watoto. Watu wakacheka. Na mimi, jogoo wa Nangara, nikasema mbele yao wote: "Msameheni huyu mama. Siku hizi mikono yake imekufa."

Walipoondoka ukaja na chujio, bado limefungwa kwenye kile kitambaa chako. Ukasema, "Baba Theresia, fundo ni langu lile lile." Nikajibu usinifundishe kazi.

Tangu hapo hakuna aliyekuita kupika pombe, wewe uliyekuwa unaitwa mpaka Singe. Nyumbani nako hukupika tena. Chujio likakaa darini na fundo lake mpaka tukakuzika.

Juma lililopita nimelifungua, nipike pombe ya kumbukumbu yako. Nimengoja ipoe. Nimechuja mara mbili. Nimemimina kutoka juu, povu likanirukia mpaka viwiko, nikaona aibu peke yangu pale jikoni. Imeumuka vizuri mno. Leo majirani wameonja, wakasema kumbe fundi alikuwa mzee siku zote. Mama Theresia, nilinyamaza. Hata leo. Nikaipokea sifa yako kama yangu.

Kwa hiyo karatasi hii nampa Theresia. Kesho ataisoma mbele ya wakwe wale wale, kabla hajamiminiwa mtu. Nimemwambia asiruke neno hata nikimkonyeza. Nitakaa pale pale nilipokaa siku ile, na wakitaka kucheka, safari hii nipo mimi.

Pumzika. Mikono yako ilikuwa mizima.

Mumeo,
Baba Theresia