Lugha ya Kwenu Aliyobaki Nayo Salma

Baba Salma,

Assalaam alaykum huko uliko. Mama yangu anakusalimu. Hajambo, isipokuwa magoti, na bado anaficha tumbaku chini ya mkeka akidhani sijui. Binti yako Salma anasema shikamoo. Jino la mbele limeng'oka na sasa akisema anapiga mluzi. Majirani wote hapa Masumbwe wanakusalimu. Wale wachimbaji wa Geita waliokuwa wakipitia sukari dukani kwetu bado wanakuulizia, wengine hawajasikia kwamba tulikuzika, na inabidi niwaambie upya. Mimi sijambo, nakula. Katika barua watu huandika kwamba hofu yao ni kwa yule aliye mbali. Yangu iko hapahapa ndani ya nyumba.

Nilipotoka eda tu, mdogo wako Mbaraka akashuka kwenye lori kutoka Isaka. Anataka kumchukua Salma. Anasema mtoto wa Mwarabu alelewe na Waarabu, ajifunze Kiarabu safi. Mama yangu naye, badala ya kunisaidia, akasema, "Ng'wanone, mwanangu, ng'ombe wa mahari walifika kwa baba yako wote, hakubaki hata ndama. Mtoto ni wa kwao." Mila hiyo naijua tangu udogoni. Sikujua inauma hivi.

Basi Mbaraka akamkalisha Salma, akamwuliza habari kwa Kiarabu. Mtoto akanigeukia mimi. Alhamdu anaijua yote, lakini Kiarabu cha kuzungumza hajui, maana wewe nyumbani ulimsemesha Kimahri, lugha ya mama yako. Mbaraka akacheka. "Shemeji, hiyo ni lugha ya wachunga mbuzi. Sokoni haikununulii hata chumvi."

Nilikumbuka ulivyonieleza tukimenya karanga, kwamba Kiarabu na Kimahri ni ndugu, wala si mama na mtoto; kwamba walikuwapo ndugu wengine wa zamani sana, lugha zilizokuwa na wafalme wake, na leo maneno yake yamebaki kwenye mawe huko milimani kwenu, hakuna hata mmoja wa kuyatamka. Ukasema utotoni mliyaegemea mawe hayo mkikimbia jua, na mbuzi wakijikunia hapohapo. Nikakuuliza, watu wake walikwenda wapi? Ukasema hawakwenda kokote. Waliacha tu kuzisema na watoto wao.

Salma hakupenda kuchekwa. Akasimama, mkono kiunoni, akamfokea baba yake mdogo kwa Kimahri, yale maneno uliyomfokea wewe alipoachia ndama wanyonye. Baba Salma, mdogo wako aliweka kikombe chini. Akasema polepole, "Huyo ni mama. Mama alikuwa akitufokea hivyohivyo." Akamjibu kwa Kimahri, akisitasita, Salma akamsahihisha, wakaendelea hivyo mpaka alasiri. Mtu mzima na ndevu zake, analia huku anacheka.

Nilifurahi. Halafu nikaingiwa na baridi. Mwanzo alimtaka kwa ajili ya mila tu, ningeweza kubishana naye. Sasa anamtaka kwa moyo. Atarudi Ijumaa kuchukua jibu. Na mimi nikimzuia, nani atasema naye? Najaribu, wallahi najaribu. Juzi nilimwambia kwa Kimahri alete maji, akacheka mpaka akakaa chini. "Mama, umemwambia kuku avae kanzu!" Nikimzuia, lugha itamfia mdomoni. Nikimtoa, mimi... sijui nimalizieje.

Nimewaza hivi. Nitamwambia Mbaraka, mtoto hatoki, wewe ndiye uje. Malori yenu yanapita hapa kila mara. Shuka, kula ugali wangu, semezana naye mpaka dereva achoke kupiga honi. Lakini akikataa? Akienda kwa wazee, na wa kwenu na wa kwetu wote wakawa upande wake?

Nakuahidi, kwa vyovyote Salma hatanyamaza. Pumzika, mume wangu. Ila nipe neno upesi, kabla ya Ijumaa, nijie usingizini uniambie nimewaza sawa au nimekosea. Na ukija, sema kwa Kiswahili chako kilekile kilichopinda. Ukisema ya kwenu itabidi nimwamshe Salma anifafanulie, nami sitaki ajue kwamba mama yake anaogopa.

Mkeo,
Mama Salma