Fundo ya Tata Mukwe

Kamina, 8 septembre 2024

Mukwe wangu Mbayo,

Jambo sana. Uko muzima? Binti yangu Émerence iko muzima? Na ule mutoto mwenye atabeba jina yangu Kyungu, ananyonya muzuri? Minyi niko na nguvu. Meno tu njo inanikimbia.

Nakuandikia juu kwa kwetu mukwe hasimame karibu na baba ya muke wake, hata kama nyumba inapakana. Émerence atakuletea barua. Asifungue.

Batizo iko karibu, na asali ya sikukuu njo kazi ya babu. Ile nyuki ya ku jiwe kubwa, kule juu ya muto, inaanza kuhama. Na bale batoto ya basoda, askari ya ku base, banaizunguka tayari na moshi yabo. Tangu ujana nashuka ile jiwe na kamba. Kamina nzima hakuna mwenye kunipita, uliza. Kaka yangu Ngoie njo alikuwa anashika kamba, lakini macho yake imekufa. Utashika weye, samedi, tarehe 14, asubuhi. Tutapita nyuma mpaka juu, utazungusha kamba ku muti, utanipa mugongo vile heshima inaomba. Nikipiga mluzi, unalegeza.

Ni minyi,
Tata mukwe


Kamina, 10 septembre 2024

Eyo vidye, ndiyo mukubwa wangu, Tata mukwe,

Jambo na heshima yote. Mugongo inakusumbua tena? Mutoto analala, aksanti kwa Mungu.

Nitashika kamba. Lakini unajua nilifanya kazi ku mine ya kuchimba shaba ya Kolwezi, tunaning'inia ku ukuta ya majiwe, tunaangusha yenye kulegea. Nilizika barafiki kule. Juu ya hiyo unisamehe. Kamba yako inalala juu ya moto ya jikoni, moshi imeikula ndani. Niko na ingine. Uvae casque, kofia ngumu ya ku mine, juu jiwe ikianguka haiulize kama uko muzee. Tufunge fundo ku mwisho ya kamba, isiniponyoke yote mu mikono.

Halafu kuna ile yenye inaniondolea usingizi. Rafiki yangu Nday alikuwa fundi kuliko siye bote. Alianza kufunga fundo yake ya ku tumbo, muntu akamuita, akajibu, akasahau kumaliza. Hakuna mwenye alimuangalia. Kisha pale, kila muntu alikuwa anakamata fundo ya mwenzake na mukono, mbele ya kushuka. Tata, niruhusu nikamate yako.

Mukwe wako,
Mbayo


Kamina, 12 septembre 2024

Mukwe,

Jambo. Kwetu bote bazima, roho yangu tu njo umeipandisha.

Unataka kutia mukono ku tumbo ya baba ya muke wako! Nani alikulea? Ile Nday alianguka juu hakuwa Kyungu. Kamba yangu ilitoa gari ya mission mu matope, padiri akiwa ndani, na Père ni munene! Casque? Nyuki itacheka mpaka isahau kuuma. Sawa, fundo ya ku mwisho nakubali, minyi mwenyewe niliiwaza zamani. Ingine, hapana.

Silale tangu barua yako. Si woga. Ni hasira.

Samedi. Mugongo!

Tata mukwe


Kamina, 25 septembre 2024

Tata mukwe,

Jambo. Muguu inauma tena? Munganga alisema nini? Émerence anatoka kwako kila siku mikono tupu, barua zangu haujibu.

Sina na amani. Nilikupa mugongo, vile ulitaka. Nilikusikia unafunga fundo na unagombana na batoto ya base: "Tokeni hapa, bezi ya asali!" Kisha ukashuka, na kamba ikakuwa nyepesi mu mikono yangu. Nilijua mbele ya kugeuka. Kama ule muti mudogo haukukushika pale chini, leo naandikia nani?

Nilishuka, nikakubeba ku mugongo, kichwa yako ku shingo yangu. Najua, mukwe hagusane na mukwe wake. Ile kuku mweupe ya kuomba musamaha nilituma, ukairudisha. Iko hapa, inatembea mu nyumba, inaniangalia. Tata, sema unataka nini.

Mbayo


Kamina, 6 octobre 2024

Mukwe wangu,

Jambo sana. Mutoto iko namna gani? Émerence? Minyi mufupa inaunga haraka kuliko ya bijana, munganga mwenyewe alishangaa.

Kuku nilirudisha juu ilikuwa imekonda. Hapana. Nilirudisha juu kuipokea ni kusema ulikosa. Haukukosa. Usiniombe kuandika ile mara ya pili.

Siwezi kukaa, siwezi kulala. Nyuki ingali pale na batizo ni dimanche, siku ya kanisa yenye kuja. Utashuka weye, na kamba yako, na ile casque. Mudogo yako Malachie atashika. Minyi batanifikisha juu na baisikeli, nitaikala ku muti. Mbele ya kushuka utakuja mbele yangu, karibu kabisa, uniangalie mu macho, na nitatia mukono ku tumbo yako nikamate fundo. Mwenye anafunga haongee na muntu, hata na minyi. Hii njo sheria yangu tangu ujana, bantu tu hawakusikia. Usipokuja karibu, haushuke, mutoto abatizwe bila asali.

Kuja na kuku. Émerence ataipika, tutaikula siye wawili, sahani moja.

Tata yako