Msaliti Aliyekatazwa Kugusa Daraja

Paris, 4 Machi 1823

Dada Philiberte mpenzi,

Hujambo huko Rouen? Kifua kinaendeleaje? Mimi mzima, ila roho haijatulia. Bado naigiza yule yatima bubu anayesingiziwa wizi. Anayeigiza msaliti ni Bwana Gaudry. Akitokea tu jukwaani, fidla zinanguruma, watu wanamzomea na kumrushia maganda ya machungwa. Sawa, hiyo ndiyo kazi yake. Lakini mara mbili nimemkuta peke yake kabla ya onyesho, kapiga magoti kwenye daraja la mbao ninalovuka mwishoni, anashikashika kamba.

“Unatafuta nini hapo?” nikamuuliza.

“Hakuna kitu, binti. Nenda kavae.”

Ananificha nini?

Mdogo wako,
Zélie

Rouen, 9 Machi

Zélie wangu,

Nashukuru u mzima. Kikohozi kimepungua. Huyo mtu simwamini hata chembe! Miaka ishirini anawatesa yatima kila jioni, atakosa kuzoea? Tena wewe unapigiwa makofi, yeye anapigwa maganda. Usimuulize tena, atakuzungusha. Nenda kwa mkurugenzi wa ukumbi wenu, mwambie yote. Usipokwenda, nakuja mwenyewe.

Dada yako,
Philiberte

Paris, 15 Machi

Dada,

Salamu, na pole na baridi. Nimefanya ulivyosema. Mkurugenzi kampiga marufuku kusogelea daraja mpaka zamu yake ya kuvuka. Hakumwambia nani kamsema. Jana Gaudry alinitazama kwa muda mrefu. Nikajifanya nafunga kiatu.

Zélie wako

Paris, 2 Aprili

Dada,

Nisamehe kwa kimya. Natumai kifua kimepoa. Mimi sina hata jeraha, na hilo ndilo linaloniumiza.

Tarehe ishirini Machi daraja lilikatika. Nilikuwa nakimbia, Gaudry nyuma yangu kama kawaida, nikasikia mbao zinalia. Akanisukuma kwa nguvu mpaka ng’ambo, yeye akaenda chini. Watu waliona nini? Msaliti kamsukuma yatima, kaanguka mwenyewe! Wakasimama, wakashangilia. Nikapiga kelele, “Msaidieni!” Wakadhani bubu kafunguliwa ulimi kwa muujiza, wakazidi kulia kwa furaha. Na yeye pale chini, nyonga imevunjika.

Seremala wa jukwaa ameniambia kamba zilikuwa zimeoza. Gaudry alimlalamikia mkurugenzi mara mbili, hakusikilizwa, basi akawa anazikaza mwenyewe kila siku. Hakutaka niogope kuvuka.

Zélie

Rouen, 7 Aprili

Mdogo wangu,

Leo sina la kuuliza kuhusu afya. Maneno yale yalikuwa yangu, na wewe ukayafikisha. Mwambie Gaudry. Mtaje na dada yako.

Philiberte

Paris, 12 Aprili

Dada,

Nimekwenda. Amelala chumba cha juu, dirisha limefungwa. Nilimpelekea mchuzi, nikamwambia yote, na jina lako nikalitaja.

Akalitazama lile dirisha. Kisha akasema, “Nilijua ni wewe, tangu siku ile ya kiatu.”

“Mbona hukusema kitu?”

“Ningesema nini, binti? Kwa sura hii, nani angeniamini?”

Nikamwomba msamaha. Alikunywa mchuzi nusu, akaniomba nifunge mlango vizuri nikitoka. Nikaufunga, nikasimama kwenye ngazi nikisubiri aniite. Hakuniita.

Mdogo wako,
Zélie