Mshono Mmoja kwa Siku

Chumba Na. 4, Ghorofa ya Pili,
Juu ya duka la rangi.
Tarehe 9 Juni

Mpendwa Mama Mdogo,

Shikamoo. U hali gani, na lile goti lako korofi linaendeleaje? Sisi huku wazima, na safari hii siandiki "wazima" kwa kufuata desturi ya barua.

Unajua nilivyokuwa. Fundi viatu mzima nilimpa mteja jozi moja yenye soli mbili tofauti, akafoka, nami nisione hata aibu. Watu walisema nimekuwa mvivu. Mke wangu alidhani nimemchoka. Mimi nilikubaliana na wote.

Ni wewe uliyesema kwenye simu, "Huo si uvivu, mwanangu, huo ni ugonjwa. Nenda hospitali." Nilikwenda ili unyamaze tu.

Daktari alinieleza bila haraka. Ubongo una kemikali iitwayo dopamini, inayotusukuma kukifuata kitu tunachokitaka. Kwa baadhi ya wenye sonona, ndio ugonjwa alionikuta nao, si wote, inaonekana msukumo huo hufifia. Mtu anajua chai ni tamu, ila kunyanyuka kuifuata anaona mlima. Alikiri kwamba wataalamu wenyewe bado wanalichunguza jambo hili, nami nikamwamini zaidi kwa hilo. Kumbe sikuwa mvivu! Nililia pale pale kwenye benchi, bila haya.

Alinipa dawa, akaniambia nisingoje hamu: nianze na kidogo, hamu itanikuta njiani. Nilikusimulia, na wiki hiyohiyo kikafika kifurushi chako, viatu vyako vilivyopasuka na kikaratasi: "Shona mshono mmoja kwa siku. Ukishona miwili nitakugombeza." Mama Mdogo, nani hupeleka viatu vibovu safari ya siku mbili? Nilishona mmoja, nikarudi kulala. Siku ya tisa nilishona mitatu, nikakuficha.

Dawa naendelea nazo, na siku mbaya bado zipo.

Lakini jana binti yangu, yule tunayemwita Kinanda kwa kelele zake, alirudi kutoka shule akanirukia shingoni. Miezi mingi nilikuwa namkumbatia kwa sababu baba hukumbatia. Jana nilifurahi. Nilimshikilia mpaka akalalamika kwamba namkaba.

Nisalimie Baba Mdogo, na yule binamu wa saluni. Mungu akulipe kwa kila simu niliyokukatia, nawe ukapiga tena.

Wako akupendaye, na ambaye baada ya mwaka mzima analisikia tena pendo hilo moyoni,

Mwanao, fundi viatu