Sufuria Yako na Bomba la Chini ya Sinki

Nyumbani kwa mama yako,
Mezani, jikoni,
Jumapili, 14 Juni

Mpendwa mpwa wangu Kijiko,

Pokea salamu za mjomba wako, mzima kama chuma cha reli. Vipi huko uliko? Ile baridi bado inakung'ata vidole? Mkeo hajambo? Na yule mjukuu wetu Maswali, anayeuliza mpaka walimu wanajificha, kikohozi kimemwacha? Sisi wazima, ila goti la mama yako linalalamika akipanda ngazi.

Sasa kaa vizuri. Maji machafu ya sinki la mama yako yalikuwa yanavuja hadi kwa fundi cherehani wa ghorofa ya chini, yanamdondokea kwenye vitambaa vya wateja. Mwenye nyumba akapanda mwenyewe, akasema likidondoka tone jingine, mama yako afungashe. Nyumba aliyokulelea, Kijiko! Mama yako hakubishana. Alianza tu kuulizia watu vyumba vya kupanga.

Nikamwambia fundi bomba wa nini, na mimi nipo? Unanijua. Kule kiwandani kuna nati niliikaza, mpaka leo haijafunguka. Walipotaka kuhamisha mashine ikabidi wahamishe ukuta.

Nikafungua kabati la chini ya sinki, nikakuta bomba limejikunja kama shingo ya bata. Nikajiuliza, maji yana haraka ya kutoka, huyu aliyeyazungusha hivi alikuwa na nia gani? Nikaliondoa, nikaweka lililonyooka. Kufika alasiri nyumba ilinuka mpaka paka wa jirani akahama. Kumbe ule mkunjo hubakiza maji kidogo, na maji hayo ndiyo mlango unaozuia harufu ya huko chini. Akili ya ajabu. Nikalirudisha kwa heshima zote.

Nati nikaikaza kwa spana ya lori. Ikapasuka. Zile ni za plastiki, zinataka vidole tu, na vidole vyangu vina nguvu kuliko hiyo spana, nilisahau. Nikanunua nyingine na mpira wake mpya, nikakaza kwa mkono, nikajaza sinki, nikayaachia maji yote kwa mpigo. Kukavu. Nikamwita fundi cherehani aje aone, nikamhutubia kidogo.

Kesho yake pakavuja. Nikakaza. Kesho yake tena. Fundi cherehani akaniambia pale ngazini, "Bwana Hodari, nikushonee mwavuli?" Nikacheka, lakini juu mama yako alikuwa ameshaanza kukunja mapazia.

Hapo udadisi ukanishika shingo. Nati haina miguu, nani anailegeza? Nikakaa sakafuni na tochi, kabati wazi, nikalitazama bomba kama watu wanavyotazama mpira. Maji yakapita, kukavu. Nikaligusa, likacheza lote, halijashikwa na kitu. Ukutani kuna matundu ya skrubu, kibano cha kulishikilia hakipo. Nani kakiondoa?

Alasiri mama yako akaja, akaniambia nisogee. Akaingiza mkono nyuma ya bomba, akavuta bunda nililodhani siku zote ni la matambara, akalifungua: sufuria kubwa inayong'aa kama kioo. Ile uliyomtumia mwaka jana. Kumbe anaificha humo majirani wasije kuiazima. Ilipokataa kuingia, aling'oa kibano kwa kisu cha mkate. Na kila siku huitoa, huifuta, huirudisha kwa kuisukuma na lile goti lake bovu, na kila ikiingia inalipiga bomba ubavuni.

Nikamuuliza mbona hajaichemshia hata maji.

"Hii si ya kunipikia mimi na wewe, kaka," akasema. "Ni ya siku Kijiko akija na watu wake."

Nikainuka, nikaifuata drili.

Nikatoboa ukuta, nikafunga vibano viwili, kimoja karibu na mkunjo, kingine pale bomba linapoingia ukutani. Sasa hata tembo akiegemea, atakayeumia ni yeye. Mwenye nyumba alikuja, akapapasa kila kiungo kwa karatasi ya chooni akitafuta unyevu. Karatasi ikabaki kavu. Akamwambia mama yako akae. Mapazia yamerudi dirishani.

Ila sufuria haiingii tena humo. Tumeiweka juu ya kabati, peupe, na majirani wameshaanza kuiulizia. Mama yako anawajibu kwamba ina mwenyewe. Mimi kazi ya bomba nimeimaliza. Hiyo ya sufuria siiwezi, inakungoja wewe. Wewe ndiye uliyekuwa ukikataa kula utotoni mpaka upewe kijiko cha kupakulia. Bado tunacho.

Msalimie sana mkeo, na Maswali mwambie nina jibu la kwa nini bomba hujikunja, ila halitumwi kwa barua, sharti alifuate. Mama yako anakuombea kila asubuhi, Mungu awape afya na njia nyeupe ya kurudi.

Ni mimi nikupendaye, ambaye nati zote zinamwogopa,

Mjomba wako